Chwaka ya asubuhi na Chwaka ya alasiri

Watu wa mjini tukipanga kwenda shamba tunaangalia gari na mfuko. Gari imepatikana, mafuta yamo, Jumapili watoto hawendi skuli, basi twende. Kwa safari ya Nungwi au Kizimkazi mpango kama huo unatosha. Kwa Chwaka, kwenye ghuba ya mashariki ya Unguja, hautoshi. Ghuba ile ina sura mbili ndani ya siku moja, na kila sura ina saa zake. Ukishuka pale saa nne asubuhi siku za mwezi mpevu utakuta madau yamelala ubavu juu ya mchanga, majani ya baharini yamejilaza, na wanawake wako mbali kabisa wameinama kwenye mwani wao. Ukishuka hapo hapo saa kumi alasiri, madau yale yale yanaelea, na pale walipokuwa wameinama wanawake maji yanampita mtu kichwa.

Nimewasikia wengi wakirudi mjini na kusema Chwaka hakuna kitu, bahari imekauka tu. Inaniuma kila nikisikia, kwa sababu siku ile bahari ilikuwa imewafungulia mlango nao wakakaa garini. Wengine walifika maji yamejaa, wakapiga picha mbili za maji ya kijani, wakala samaki, wakaondoka bila kujua kwamba chini ya maji yale kulikuwa na mashamba, njia na mipaka ambayo watu wa hapo wanaijua kama wanavyozijua nyumba zao. Naandika haya kwa wazazi wa mjini na kwa walimu wanaotaka kuwachukua watoto siku moja tu, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Siku moja inatosha kuziona sura zote mbili, lakini lazima iwe siku ya kuchagua.

Kwanza tujue tunakwenda wapi. Ghuba ya Chwaka iko mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 32 kutoka mjini kwa njia ya Dunga. Upande wa magharibi kuna kijiji cha Chwaka chenyewe, upande wa mashariki rasi ya Michamvi inaikinga na bahari kuu, na kusini kabisa kuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote Unguja, nyuma yake vijiji vya Charawe na Ukongoroni. Maji yakijaa siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ghuba inafika kama kilomita za mraba 50. Yakipwa, zinabaki kama 20. Maana yake zaidi ya nusu ya ghuba ni nchi kavu kwa saa chache, kisha ni bahari tena. Kina chake kwa wastani ni kama mita tatu tu. Hakuna mto wa maana unaomwaga pale. Mvua ya upande ule wa kisiwa inazama kwenye jiwe la matumbawe na kutokea chini kwa chini. Kinacholisha ghuba, kuisafisha na kuipandia mikoko yake ni maji ya bahari, yanayoingia na kutoka mara mbili kila siku.

Sasa hesabu ya maji. Siku hizi jedwali la maji linapatikana hata kwenye simu, na sikatazi mtu kuliangalia. Lakini mwezi wa Kiislamu ndio kalenda nyepesi kuliko zote kwa kazi hii, na sisi tunao ukutani. Mama yangu mkubwa, mzaliwa wa Chwaka, nikimpigia simu kumwambia nakuja hanijibu "karibu" kabla hajauliza, "Leo mwezi ngapi?" yaani leo ni siku ya ngapi ya mwezi huo wa Kiislamu. Nikimwambia mwezi tano ananyamaza kidogo, kisha anasema njoo ukitaka, lakini huko pwani hutoona watu.

Anachokipima ni hiki. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja na maji hupata nguvu: hujaa juu sana na kupwa mbali sana. Hilo ndilo bamvua. Nguvu yenyewe hufika kileleni siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kwa hiyo siku nzuri ni tangu mwezi mosi mpaka mwezi tatu, na tangu mwezi 14 mpaka 17. Bandarini Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Katikati ya hapo, kwenye mwezi saba mpaka kumi na mwezi 21 mpaka 24, maji ni mafu. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na ghuba inabaki katikati, si bahari ya kuogelea wala uwanja wa kutembea.

Jambo linalonifurahisha zaidi, na ambalo nadhani wengi wa mjini hatulijui ijapokuwa tumezaliwa kisiwani, ni kwamba katika pwani yetu bamvua lina saa zake maalumu. Mwezi ukiwa mpya au mpevu maji hukauka kabisa saa nne hivi asubuhi na hujaa saa kumi hivi alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo mwezi 17 kukauka kunasogea karibu na saa sita. Ndani kwenye mikoko maji huchelewa zaidi kidogo, kwa kuwa yana safari ndefu ya kupita kwenye mikondo myembamba. Ukiyaweka pamoja unaona siku imejipanga yenyewe: asubuhi unatembea juu ya sakafu ya bahari, adhuhuri unapumzika na kusali, alasiri unaingia na chombo kwenye mikoko juu ya maji yaliyojaa, na kabla ya magharibi uko njiani kurudi. Kuna pwani nyingine duniani ambako bamvua hukausha bahari alfajiri na magharibi, na msafiri wa siku moja hapati kitu. Sisi tumepewa saa nne asubuhi.

Miezi nayo si sawa. Bamvua kubwa za mwaka huwa karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Machi jua ni kali na masika inanyemelea. Mimi nikiambiwa nichague nitasema Septemba, au Oktoba mwanzoni kabla ya vuli: upepo wa kusi umeshapungua, mvua haijaanza, na ndege wageni kutoka kaskazini ya dunia wameshaanza kufika. Jambo moja zaidi kwa wanaopanga kwa mwezi 14 na 15: wapo wanaofunga siku nyeupe, mwezi 13, 14 na 15, kijijini na pengine ndani ya familia yako mwenyewe. Uliza kabla ya kupanga mapishi.

Tuseme basi umefika Chwaka saa mbili na nusu. Usiingie pwani mara moja. Pita kwanza sokoni, maana wavuvi waliotoka usiku wameshaleta samaki na mnada unaendelea. Ghuba ni ya majani ya baharini, na samaki wake ni wa majani: tasi, pono, changu. Wengi hutegwa kwa dema, mtego uliosukwa kwa fito ambao samaki huingia na asijue kutoka. Watoto waoneshwe dema likiwa pale pwani, waweke mkono kwenye mdomo wake waone jinsi unavyopungua kuelekea ndani. Ukitaka samaki wa mchana nunua hapo hapo, umkabidhi mtu wa kukupikia, ndipo uende pwani.

Saa tatu maji yanaondoka. Mfuate nyuma, usimtangulie mtu wa kijiji, na kila mtu avae raba. Mchanga unaonekana laini lakini umejaa makombe yenye makali, kuna vinyama vyenye miiba mirefu myeusi kwenye vidimbwi, na taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia kwenye mchanga mahali maji yalipobaki. Atembeaye alipo na maji aburure miguu badala ya kuinyanyua, ili taa asikie na kuondoka.

Halafu fika kwenye mwani. Kilimo hiki kiliingia pwani ya mashariki mwaka 1989, kikianzia Paje, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa macho ya mbali ni vijiti na kamba tu. Ukikaribia unaona mpangilio: vigingi viwili vimepigwa mchangani, kamba imevutwa katikati yao, na kwenye kamba vimefungwa vipande vya mwani kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, kila baada ya kiganja. Simama karibu na mwenye shamba, baada ya salamu na ruhusa, umwangalie mikono yake. Anachukua tawi la ukubwa wa ngumi, analivunja kwa vidole bila kisu, anaipitisha taitai, anakaza fundo ambalo haliminyi tawi wala haliliachi kuchomoka, na huku anazungumza na jirani yake wa shamba la pili bila kutazama chini. Maji yamemfika kwenye kifundo, mgongo umekunjwa, na saa inakwenda. Baada ya wiki sita hivi mwani ule unavunwa, unaanikwa, unapimwa, unasafirishwa nje, na unga wake unaingia kwenye dawa ya meno na vyakula vya viwandani.

Hapa ndipo nilipotaka watu wa mjini wafike. Mwanamke yule hana saa nne za kazi kila siku. Anazo siku chache za bamvua, mara mbili kwa mwezi, na ndani ya siku hizo saa tatu au nne za maji kutoka. Kila anachofanya lazima kiingie humo. Ndiyo maana mama mkubwa anauliza mwezi kabla ya kusema karibu, na ndiyo maana arusi na ziara za Chwaka zinazopangwa na watu wa mjini bila kuangalia mwezi zinawagharimu watu wa huko kuliko tunavyojua. Na mwani wenyewe unateseka. Aina yenye bei nzuri, kotonii, haivumilii maji ya moto, na maji haya mafupi yanachemka haraka jua likiwa kali. Inaugua, inageuka nyeupe, inakatika. Wengi wamebaki na spinosamu, inayostahimili lakini bei yake ni ndogo. Kinachosemwa ni kupeleka mashamba kwenye maji ya kina, lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufundishwa. Mtoto wa skuli akiyasikia haya kwa mwenye shamba mwenyewe, amesimama kwenye maji yenye moto huo, hatohitaji kuelezwa darasani kwamba bahari inapata joto.

Mbali zaidi utawaona wengine na ndoo na vyuma vyao, wanachokoa: chaza, kombe, tondo, na mwenye jicho zuri hupata pweza. Pale pale, kwenye ukingo wa maji, ndege nao wanafanya kazi hiyo hiyo. Yangeyange wa kwetu anasimama kimya mpaka samaki ajisahau. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anautumbukiza matopeni kutoa kaa. Huyu sululu na wenzake wadogo wa mchangani wengi wao huzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Asia, huko kukianza baridi wanaruka maelfu ya kilomita kuja kula kwetu, na wengi hukaa mpaka kama Aprili. Wanategemea mchanga huu kukauka sawasawa na wanavyoutegemea wakulima wa mwani. Waambie watoto wasiwafukuze kwa mchezo. Ndege anayeruka kila mara anapoteza mlo wake, na mlo wake una saa tatu.

Neno moja kali juu ya kurudi. Maji yakigeuka, nanyi geukeni. Msisubiri kuyaona. Saa ya kwanza baada ya kukauka yanapanda kidogo mno, kiasi kwamba mtu anaona hakuna kitu. Saa ya tatu na ya nne yanapanda nusu ya kiwango chote, na juu ya nchi iliyolala kama ile ukingo wake unakimbia. Tena hayaji kwa mbele tu. Yanajaza mikondo kwanza, na mkondo uliouruka asubuhi ukiwa na maji ya kifundo unaweza kuwa nyuma yako, ukiwa umeshafika kiunoni mwa mtoto. Siku maji yakikauka saa nne na nusu, saa tano na nusu kila mtoto awe amekwisha rudi ufukweni na amehesabiwa.

Mchana sina mengi. Kuleni, salini, watoto walale kidogo kivulini. Wanaobeba chakula kutoka mjini wabebe kisichoharibika kwa jua: chapati, mkate wa kumimina, kachori, maji mengi kuliko mnavyodhani.

Saa tisa hivi ingieni chomboni. Mpango wa chombo ufanywe asubuhi, pengine siku moja kabla, na nahodha aambiwe wazi kwamba mnataka kuingia Mapopwe, mkondo mkubwa unaopenya kwenye mikoko ya kusini. Akikwambia saa fulani ndiyo ya kuondoka, usimbishie. Akichelewa kuingia maji yatakuwa yameanza kutoka, na chombo kilichokwama kwenye matope ya mikoko hukaa mpaka maji ya usiku. Bei ikubaliwe kabla, na majaketi ya kuelea yawemo kwa kila mtoto. Kama hayamo, hakuna safari.

Ndani ya mkondo kelele zinabaki nyuma na unaanza kuona kwamba "mikoko" ni jina la jumla tu kwa miti mingi. Mkoko wenyewe ni ule uliosimama juu ya miguu yake, mizizi imetoka shinani na kujipinda mpaka matopeni. Muia mizizi yake inajitokeza juu ya tope kwa magoti magoti. Mkandaa ni mwembamba na umesongamana. Maganda yake yalitumika kupaka rangi nyavu na kutengeneza ngozi. Mchu unatoa vijiti vyembamba kutoka ardhini, mamia kuuzunguka mti mmoja, navyo ndivyo vinavyouletea mizizi pumzi, kwa sababu ndani ya tope lile hakuna hewa.

Mwambie nahodha asimame karibu na mchu. Vuta tawi moja, usilivunje, ugeuze jani utazame sehemu ya juu dhidi ya mwanga. Siku ya jua utaona punje nyeupe ndogo sana, zinang'aa. Paka ulimi. Ni chumvi. Mti umenywa maji ya bahari, umetumia kilichofaa, na chumvi iliyozidi umeitoa kwenye jani lake. Mkoko haufanyi hivyo. Wenyewe unaizuia chumvi nyingi kwenye mizizi isiingie. Majirani wawili, maji ni yale yale, kila mmoja na dawa yake. Sijapata kumwona mtoto asiyetaka kulamba jani la pili.

Kisha tazama juu kwenye mkoko. Vile vitu virefu vya kijani vinavyoning'inia si matunda ya kawaida. Ni miche. Mbegu imeota ikiwa bado imeshikwa na mama yake, imerefuka, na siku itakayoachia itadondoka wima. Maji yakiwa yametoka, inachoma kwenye tope na kuanza maisha pale pale. Maji yakiwa yamejaa, inaelea, inasafiri, inaweza kuishi baharini wiki nyingi kabla ya kupata mahali pa kusimama. Kwa hiyo hata kizazi cha mikoko kinategemea saa ya maji.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko, na majahazi yalizibeba boriti hizo mpaka Uarabuni kwa karne nyingi. Upana wa vyumba vyetu vya kale unatokana na urefu wa boriti hizo. Leo mikoko inakatwa kwa kuni, kwa kuchomea chokaa, kwa ujenzi wa haraka. Mimi sitaki kumlaumu mtu wa Charawe anayekata kigogo cha kupikia. Namlaumu zaidi mnunuzi wa mjini asiyeuliza kilikotoka. Vijiji vinapanda upya, na mnaweza kuonyeshwa mahali palipopandwa. Angalieni kinachoota na kilichokufa: mlilana, aina nyingine ya mikoko, unataka ukingo wa bahari, mkandaa unataka juu zaidi mahali maji yanapofika kwa nadra, na mche uliopandwa mahali pa mwenziwe haudumu. Skuli inayotaka kuja kupanda isilete miche tu. Iulize wenyeji wapi na ipi.

Ikiwa siku yenu haikubaliani na mwezi, mathalan likizo imeangukia maji mafu, usilazimishe Chwaka. Nendeni kwenye msitu wa Jozani. Ni mwili mmoja na ghuba hii: mwaka 2004 msitu na ghuba vilitangazwa pamoja kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi hai (biosphere reserve). Msitu wenyewe umekaa kwenye bonde la chini lililobanwa kati ya Ghuba ya Chwaka kaskazini na maji ya Pete na Uzi kusini, na maji ya ardhini yako karibu mno na uso. Masika ikiwa nzito, maji yanasimama kati ya miti na msitu unakuwa ziwa fupi kwa muda. Njia nyingine hufungwa, kwa hiyo pigeni simu kabla. Upande wa pili wa barabara, Pete, kuna njia ya mbao juu ya mikoko. Hapo mtoto mdogo au bibi mwenye magoti mabovu anaweza kuona mizizi, kaa koko na tondo bila kuingia matopeni wala chomboni.

Na kuna kima punju. Kwa asili hapatikani porini popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vyake vidogo, hesabu ya karibuni ikiwa kama 6,000 tu. Anakula majani machanga, pamoja na ya mikoko, na hula makaa yaliyobaki kwenye matanuri ya wakulima ili kupunguza sumu ya majani. Matuta ya barabarani mbele ya Jozani yamewekwa kwa ajili yake, maana magari yalikuwa yakimuua sana. Mwambie dereva apunguze kweli. Kaeni mita tatu kutoka kwake, na asipewe chakula hata akisogea. Watoto wetu wanajua simba na twiga wa Serengeti kwa picha za vitabuni, na huyu, ambaye ni wa kwao peke yao, wengi hawajamwona. Kiingilio cha mkaazi ni tofauti na cha mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho.

Wasio na gari wapande daladala: 206 ndiyo ya Chwaka, 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi zinapita mbele ya lango la Jozani. Kwenda si tabu. Kurudi ndiko kunakotaka akili, kwa sababu alasiri gari za kuelekea mjini zinapungua, na safari yangu ya mikoko inakurudisha ufukweni karibu saa kumi na moja. Kama mko wengi kodini gari ndogo ya kwenda na kurudi, na dereva aelezwe mapema kwamba atalala mchana kutwa.

Adabu mnaijua, lakini nikumbushe mbili ambazo wa mjini tunazisahau tukifika shamba. Kupiga picha: yule mama kwenye mwani kavaa nguo za kazi, zimelowa, zimepandishwa magotini. Salamu kwanza, "shikamoo" yake apate, kisha muulizwe, na akikataa simu irudi mfukoni bila maneno. Nguo za kuogea: Chwaka ni kijiji cha watu, madrasa iko hatua chache kutoka pwani, vaeni kama mtakavyovaa mkienda kwa wakwe. Kundi la skuli lipite kwa sheha, kiongozi wa kijiji, kabla ya kuingia pwani, tena si siku hiyo hiyo. Mwalimu aende au apige simu wiki moja mbele, aseme idadi ya watoto, aulize nani atawaongoza, akubaliane malipo ya kiongozi na ya nahodha. Ijumaa msije kabisa.

Kwa wanaotaka kuanza: chukueni kalenda, tafuteni mwezi 15 wa mwezi unaokuja, tazameni siku hiyo na mbili zinazofuata, mchague ile isiyogongana na skuli, kazi wala Ijumaa. Halafu mpigieni mtu wa Chwaka mumsomee tarehe hiyo. Akisema maji yatatoka vizuri, muulizeni saa ngapi, na gari iondoke mjini muda wa saa mbili kabla ya hapo.